Poda ya Mchele Kwenye Kola

— Kimeli, hii nyeupe kwa kola ni nini?

— Ni vumbi ya kazi. Kwani leo ndio unaiona?

Alijibu bila kugeuka. Alikuwa mbele ya kioo kidogo tulichoning'iniza mlangoni, akipanga ndevu zake. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya beseni, nimeshika shati lake la buluu kabla sijalilowesha.

— Vumbi ya kazi hukaa mabegani na mfukoni. Hii iko hapa tu, chini ya sikio.

— Wawira, mimi nabeba mawe meupe asubuhi mpaka jioni. Sasa unataka vumbi ichague mahali ya kukaa?

Alicheka, akavaa kofia, akatoka. Mimi si mtu wa maneno mengi. Neno langu hunijia mtu akishaondoka.

Kimeli anafanya kazi hapa Kariandusi, wanapochimba yale mawe meupe mepesi yanayosagwa kuwa unga. Nimefua nguo zake mwaka mmoja na nusu, na vumbi hilo nalijua. Ukilikung'uta linaruka. Ukilitia maji linazama kama jivu, na ukilisugua vidoleni linakwaruza. Hii ya kwenye kola haikuruka. Niliigusa kwa kidole chenye maji, ikanata. Nikaipeleka puani. Ilinukia mchele uliokaangwa.

Ilikuwa poda yangu.

Kazi yangu ni kupaka watu mchele. Nanunua chenga za mchele wa pishori, naziosha, nazianika juu ya kitambaa safi, nazikaanga kwa sufuria kavu mpaka zinukie, halafu naponda na kuchekecha kwa leso. Unga mwingine nachanganya na maziwa lala na asali, huo ni wa uso. Unaobaki ni poda kavu, nampaka mteja shingoni na nyuma ya masikio akimaliza, ili aende akinukia vizuri. Kuna wengine hapa wanasaga mchele mbichi. Anayeukaanga ni mimi peke yangu. Nilifunzwa na mama, kwetu Mwea.

Kwa hivyo mwanamke yeyote aliyelaza shingo yake kwenye kola ya mume wangu, shingo hiyo niliipaka mimi kwa mikono yangu.

Mume nasema tu, hatujaoana bado. Jumamosi iliyofuata ndiyo Kimeli na wazee wa kwao walikuwa waje kwetu kujulikana, ili posa ianze. Mama alikuwa ameshaita wajomba zangu wote.

Shati lile alilivaa jana yake, Ijumaa. Ijumaa nilipaka wateja wawili tu, Jepkemei na Wangechi. Wangechi sikumfikiria hata kidogo. Wangechi ni rafiki yangu. Mimi niliacha shule darasa la sita na kuandika kwangu ni polepole, kwa hivyo yeye ndiye huniandikia matangazo ya simu: "Ngozi laini kwa mchele. Piga namba hii." Yeye ndiye angesimama kando yangu Jumamosi.

Jepkemei ana duka la nafaka hapo barabarani. Ni mrefu, ana mwanya, na anatembea kama anayejua anaangaliwa. Tukienda na Kimeli kununua maharagwe, wanaongea Kikalenjin na kucheka, nami nasimama nimeshika mfuko kama mtu anayengoja chenji. Siku moja nilimuuliza Kimeli, "Mnasema nini?" Akaniambia, "Ni mambo ya mvua." Mvua gani inachekesha hivyo?

Nilimpigia Wangechi simu.

— Wangechi, kuna mwanamke anatembea na Kimeli.

Redio yake ilikuwa inaimba nyuma.

— Nani amekuambia?

— Shati.

— Siku hizi mashati yanaongea?

— Kuna poda yangu kwa kola. Ile ya kukaanga.

Nilisikia akiizima redio.

— Ni Jepkemei, nikamwambia.

Hapo akashusha pumzi ndefu. Mimi nilidhani ni huruma.

— Aki Wawi. Huyo nilikuwa nimemwona zamani, nikaogopa kukuumiza. Lakini usiende dukani kwake kujiaibisha. Nyamaza tu mpaka Jumamosi ipite. Ukishajulikana kwenu, huyo atachoka mwenyewe.

— Nitanyamaza.

— Eeh. Wewe unajua kunyamaza. Hiyo ndio nguvu yako.

Nilijaribu. Nilichambua chenga, nikajikuta natupa nzuri na kuweka mawe. Kila nikifunga macho naona shingo ya Jepkemei, ndefu, na vidole vyangu mwenyewe vikiipapasa, vikiiremba, vikiipeleka kwa Kimeli. Nilikuwa hata nimemwambia siku hiyo, "Una shingo nzuri." Nilitamani nilirudishe neno hilo mdomoni nilitafune.

Saa kumi nilikuwa dukani kwake na shati kwenye mfuko.

— Karibu, mtu wa mchele, Jepkemei alisema. Chenga zimebaki kilo mbili tu.

— Sikuja kununua.

Nilitoa shati, nikaliweka juu ya mizani yake. Akaangalia mshale.

— Halijafika hata nusu kilo. Unauza?

— Hiyo poda kwa kola ni yako.

— Yangu aje?

— Nilikupaka shingoni Ijumaa. Sasa iko kwa shati ya Kimeli.

Aliniangalia, akaangalia shati, akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaona mimi sicheki, akaacha.

— Dada, kaa hapo kwa gunia.

— Sikai.

— Kaa kwanza. Haya, niambie. Ijumaa ulinipaka nini?

— Poda ya mchele.

— Na nini?

Nilitazama vidole vyangu.

— Si nilikuambia niko na madoa hapa, ukanitilia manjano? Nilifika nyumbani na shingo kama ndizi mbivu. Dadangu alinicheka mpaka akakohoa. Kitambaa changu cha kichwa mpaka sasa kina rangi. Angalia hiyo kola vizuri. Unaona njano mahali?

Niliinua kola nikaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa nyeupe tupu. Manjano hata ukiipangusa huacha alama. Mimi niliyeichanganya kwa mkono wangu nilikuwa nimesahau nilichochanganya. Wivu ulikuwa umeshanichagulia mtu.

— Pia nikuambie kitu kingine, Jepkemei alisema. Mimi na Kimeli ni wa ukoo mmoja. Kwetu huyo ni ndugu yangu, sio wa kuangalia hivyo. Hata wazo haliji.

— Basi huwa mnacheka nini?

— Ananiuliza bei ya maharagwe, namwambia, ananiita mwizi. Ndio hiyo.

— Aliniambia ni mambo ya mvua.

— Mvua? Huyo anadanganya hata mahali hakuna haja.

Alikunja shati langu polepole kama anakunja nguo ya mtoto, akanirudishia.

— Ijumaa ulipaka nani mwingine?

Nililirudisha shati kwenye mfuko, nikakosea mdomo wa mfuko.

— Usiniambie, akasema. Nimeona kwa uso wako. Pole.

— Mimi ndio nafaa kusema pole.

— Hiyo utaniambia siku nyingine, na utanipaka bure. Bila manjano.

Usiku sikumuuliza Kimeli kitu. Alikula, akasema chakula ni kizuri, akalala.

Jumapili baada ya kanisa nilimwandikia Wangechi ujumbe mwenyewe. Ulinichukua muda.

"Njoo nikupake uso ya sherehe. Hulipi."

Akajibu papo hapo.

"Wawi wewe ni malaika kweli. Nakuja mbio."

Alikuja na gauni la kanisa, akaweka simu yake juu ya stuli, akalala kwenye godoro la wateja. Nilimfunga nywele zote kwa taulo. Nikamfunika leso mpaka kidevuni. Nikampaka ule mchanganyiko mzito, paji la uso, mashavu, pua, mpaka masikioni, na juu ya macho nikaweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya mchele. Ukimaliza hivyo, mtu huonekana kama sanamu. Hata mama yake hawezi kumjua.

— Sasa usiongee, nikamwambia. Ukisogeza mdomo inapasuka na itavuta ngozi. Mpaka nikuoshe.

— Mm, akasema puani.

Nilivuta ndoo nikaikalia. Nilingoja uso ukauke kidogo. Naongea vizuri zaidi na mtu asiyeweza kujibu.

— Wangechi, haikuwa Jepkemei.

Vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya leso. Vikaacha.

— Yake ilikuwa na manjano. Ningekumbuka mapema nisingemwaibisha. Ijumaa poda nyeupe nilimpaka mtu mmoja tu. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Uliniambia niongeze nyuma ya sikio la kushoto.

Mikono yake ikaingia chini ya leso.

— Nimekupikia, Wangechi. Ulipokuwa huna kodi ulilala hapa miezi miwili. Mimi nilikuwa nalala chini, wewe unalala kwa hili godoro. Sikuulizi kwa nini. Nataka tu ujue kwamba najua.

Simu yake ikalia mlio mfupi. Kioo kikawaka. Jina lilikuwa "Karanja Fundi". Lakini namba chini ya jina hilo ilikuwa ya Kimeli, naijua kwa kichwa. Nikausoma ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, jinsi ninavyosoma.

"Babe uko wapi. Nimepita kwako nimekuta kufuli. Wacha nirudi home kabla huyu aanze tena story za shati."

Sikuusoma mara ya pili. Chozi lilitoka chini ya kitambaa, likachora mstari kwenye mchele mpaka sikioni. Wangechi alitaka kuinuka. Nikamwekea mkono begani.

— Lala. Haijakauka.

Sikuwa nimepanga kilichofuata. Nilisikia viatu vya Kimeli nje, na mlango ukafunguka. Niliweka ile simu kwenye mfuko wa aproni.

— Sasa. Kumbe una mteja hata Jumapili?

— Ingia. Amepakwa, haongei.

— Habari yako, mathe, Kimeli akamsalimia yule wa godoroni, kama mama asiyemjua.

Chini ya leso, mkono ulijikunja ngumi.

— Kimeli, niambie kuhusu Wangechi.

Aliangalia godoro, akashusha sauti.

— Wangechi gani?

— Kwani tuna wangapi?

— Wawira, mbele ya watu?

— Sitapiga kelele. Ile poda ilikuwa yake, nimehakikisha. Niambie tu ukweli na yaishe.

Alikaa kwenye stuli, akasugua magoti. Nilimwona akichagua maneno kama mtu anayechagua maharagwe, hili anatupa, hili anaweka.

— Sawa. Ni yeye ananifuata. Ijumaa alinikumbatia hapo njiani, mimi nikamsukuma. Sikukuambia kwa sababu ni rafiki yako.

— Alikukumbatia tu.

— Tu. Wawira, fikiria. Wangechi ni wa nini? Ameachwa na wanaume wangapi hapa? Hiyo sura yake bila mchele wako, ungemtambua? Huyo ni mtu wa kupitisha siku. Wa kuoa ni wewe.

Kwenye godoro kulikuwa na mlio mdogo, kama wa ganda la yai. Uso mweupe ulipasuka kutoka mdomoni mpaka shavuni.

— Wa kupitisha siku?

Wangechi aliketi. Vitambaa vya macho vilianguka, vipande vya mchele vikamdondokea kifuani. Kimeli aliruka, stuli ikapinduka.

— Miezi saba, Kimeli. Miezi saba unanipitisha?

— Wangechi, ngoja, mimi sikujua—

— Hukujua ni mimi. Najua. Umeniita mathe. Si uliniambia Jumamosi unaenda Mwea kumfurahisha mama yake tu? Si ulisema mwezi ukiisha unahamia kwangu?

— Hiyo ilikuwa story tu.

— Gani ndio story? Ile ya kwangu ama ile ya kwake?

Kimeli aligeukia kwangu. Jasho lilikuwa limemtoka puani.

— Wawira, umenitega.

— Sikukutega. Nilikuuliza swali.

— Haya, nimekosa. Nimekubali. Lakini Jumamosi bado iko. Wazee wangu wameshajipanga. Wajomba zako wanangoja. Utawaambia watu wenu nini? Ati umeacha kuolewa kwa sababu ya kola ya shati?

Hapo alinipata, na alijua amenipata. Kichwani nilimwona mama akiwa amefagia boma. Niliwaona wajomba na kofia zao.

Na nitasema ukweli, hata kama ni aibu. Saa hiyo nilimtaka Kimeli kuliko siku zote. Wangechi alikuwa pale, ameinua uso wake uliopasuka, anamwangalia, na mimi nilitaka tu asimpate. Ningesema "njoo Jumamosi" ningekuwa nimeshinda. Neno lilikuwa tayari. Halafu nikajiona nina miaka arobaini, nimeinama kwa beseni, nanusa kola moja baada ya nyingine, na Kimeli ananiambia ni vumbi.

— Toka, Kimeli.

— Wawira.

— Toka.

— Na nguo zangu?

— Ziko kwa kamba. Hazijakauka. Zichukue hivyo hivyo.

Alisimama kidogo akingoja nilie. Sikulia. Alipotoka tulisikia akizivuta kutoka kambani, na vibanio vikianguka kimoja kimoja.

Tulibaki wawili. Wangechi alishika shavu.

— Inavuta. Inauma.

— Umeongea kabla sijakuosha. Lala.

Akalala. Nilileta maji ya uvuguvugu nikamwosha. Sikumwonea huruma, sitadanganya. Nilimwosha kwa sababu mtu hawezi kutoka kwangu na uso uliochunika, halafu aseme ni mchele wangu. Nililowesha, nikangoja, nikatoa polepole kuanzia pembeni. Nilitamani chini yake nikute chunusi, nikute uso wa mtu mbaya. Ulikuwa laini na unang'aa kama kikombe kipya. Sijawahi kumtoa mteja vizuri hivyo. Kile kidonda cha wivu kikafunguka upya, nikamaliza kuosha hivyo hivyo.

— Wawi, nilikuwa nikuambie.

— Lini?

— Baada ya Jumamosi.

— Kitambaa cha kujipangusa kiko hapo.

Alijipangusa, akavaa viatu, akaniomba simu yake. Nikaitoa kwenye aproni nikampa. Mlangoni akageuka.

— Sasa matangazo utaandikiwa na nani?

Sikujua kama ananihurumia au ananichoma. Labda hata yeye hakujua.

— Nitaandika mwenyewe.

— Utaweza?

— Polepole.

Alienda upande wa barabara, akiwa amejifunika kitenge mpaka usoni. Mimi nilizoa vipande vya mchele sakafuni, nikakaa kwenye ndoo, nikampigia mama.

— Wawira, nilikuwa karibu kukupigia, mama alisema. Niko na gunia hapa mbele yangu. Wageni wa Jumamosi ni wangapi, nijue mchele wa kutoa?

— Mama, hawaji.

Nilisikia akiweka kopo chini.

— Amekupiga?

— Hapana.

— Ana mwingine?

— Ana mwingine. Ni Wangechi.

— Huyu Wangechi aliyekuja na wewe Krismasi nikamchinjia kuku?

— Huyo.

— Kuku yangu ilikufa bure, mama akasema.

Nilisikia akisogeza gunia.

— Mama, wajomba utawaambia nini?

— Wajomba walikuwa wanakuja kula. Watakula kwao. Wewe utakuja?

— Nikija peke yangu watu watacheka.

— Sikukuuliza watu. Nimeuliza wewe.

— Nitakuja.

— Basi napima wa watu wawili.

Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu lile shati. Mama hakunikatiza wala hakukata simu. Nilimsikia akimimina mchele kwenye ungo, kopo moja, akafikiri kidogo, akaongeza lingine.